Naomba ushauri: mgonjwa wangu anatumia bangi ya tiba

Habari zenu wakuu. Nasoma uuguzi Minnesota, Marekani, jimbo lililopitisha sheria ya bangi ya tiba mwaka 2014. Kwenye mafunzo ya vitendo nimempata bibi mwenye saratani anayeweka matone ya mafuta ya bangi chini ya ulimi kupunguza kichefuchefu. Mikono inamtetemeka, akaniomba nimdondoshee. Nikamwita muuguzi msimamizi.

Hilo naliona wazi: mwongozo wa 2018 wa NCSBN (baraza la kitaifa la bodi za uuguzi Marekani) unataka muuguzi asimpe mgonjwa bangi isipokuwa sheria ya jimbo imemruhusu. Kinachoniumiza kichwa ni warfarin anayomeza, dawa ya kuzuia damu kuganda. CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, inaweza kuipandisha kiwango mwilini, mtu akavuja damu, na mafuta yale hayakuwemo kabisa kwenye orodha ya dawa zake. Hakuna aliyemuuliza!

Wauguzi wenye uzoefu, mnaulizaje bila mgonjwa kujiona mhalifu, hasa wazee wetu waliotoka Afrika Mashariki, ambao ukitaja bangi wanawaza polisi? Na kwenye faili mnaandika nini: idadi ya matone, saa, uwiano wa THC (ile kemikali inayolevya) na CBD? Nisaidieni tafadhali, wiki ijayo narudi wodini.