Mjadala: Walioitwa wachawi Uingereza, mahakama ziliwalinda au ziliwamaliza?

Mwanasheria Kijana: Nasema ziliwalinda. Mwaka 1616 Mfalme James alipita Leicester, akamhoji mwenyewe mvulana aliyejifanya amepagawa, akamnasa. Wanawake waliobaki gerezani wakaachiwa.

Bi Shamsa: "Waliobaki"! Tisa walishanyongwa kwa neno la mtoto huyohuyo. Na sheria kali ya uchawi ya 1604 ilipita nani akiwa kwenye kiti, si huyohuyo James?

Baba Wanne: Mama, mtoto usimwonee. Mtoto hasemi uongo mpaka mkubwa amfundishe.

Mpita Njia: Si walichomwa moto wote?

Mwanasheria Kijana: Hapana ndugu, Uingereza walinyonga. Moto ni Scotland.

Bi Shamsa: Baba Wanne, nenda Lancaster, 1612. Jennet Device, miaka kama tisa. Mama yake alipiga kelele hadi akatolewa nje, ndipo mtoto akapandishwa juu ya meza aonekane, akasema mama ni mchawi. Mama, kaka na dada, wote kitanzini.

Baba Wanne: Nani alimpandisha mezani? Wakubwa! Mimi nalea wanne, nawajua watoto.

Mwanasheria Kijana: Jamani, mada ni mahakama. Hertford, 1712: wazee 12 wa baraza walimtia hatiani Jane Wenham, Jaji Powell akamwombea msamaha kwa Malkia Anne. Mwaka 1736 sheria yenyewe ikafutwa.

Bi Shamsa: Powell namheshimu. Ila siwezi kulipita hili la watoto. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka. Mtoto wa jirani, miaka saba, akasema amemwota akimkaba. Usiku ule shamba lake la mihogo liling'olewa lote, mashina yakalazwa mlangoni kwake. Asubuhi nilimkuta anayapanga upande, hasemi neno. Leo mtu aniambie mtoto hasemi uongo!

Baba Wanne: Pole sana mama, kwa dhati. Lakini huyo naye alisikia kwa wakubwa kwamba macho mekundu ni uchawi.

Mwanasheria Kijana: Na Edmund Robinson, mvulana wa Lancashire aliyewataja watu kuwa wachawi? Mwaka 1634 alikiri London kwamba alitunga mwenyewe, akiogopa kuchapwa: alitumwa ng'ombe, akaenda kucheza.

Baba Wanne: Na baba yake aliyemzungusha makanisani awanyooshee watu kidole? Nijibuni hilo.