LED mu fari (taa za mbele) za gari ya zamani: kila mutu afanye vile anataka, ao askari wa njia azitoshe?

Mwenye gari, Kamalondo
Ba yaya na ba mukubwa wa Lubumbashi, jambo yenu wote. Niko na Mazda Roadster ya 1992, ile yenye macho ya kufunguka na kufungika, ilitoka Japani ikapita Dar es Salaam mpaka ku mupaka wa Kasumbalesa, usukani iko kuume. Juma lililopita nilibadirisha taa zote za inje, mbele na nyuma, nikatia ampule za LED, zile zenye kuwaka na vijiwe vidogo, na bushiku bwa kwanza nilisimama mu parcelle nikaiangalia nikacheka mi peke yangu, sawa gari ya mwaka huu. Sasa jirani yangu wa taksi ananiambia eti gari sawa hiyo askari angepashwa kuikamata na kutosha zile ampule palepale. Mi nasema apana. Ampule ya zamani ya H4 inakula wati 55 ku taa ya chini na 60 ku taa ya juu, na bado mwangaza yake manjano sawa chai, na mu kartye yetu umeme ikikatika shimo unaliona na tairi. Kila mutu na gari yake. Mwenye kuona tofauti aseme, lakini alete sababu, siyo matusi.

Shofeli wa taksi, Katuba
Jirani njo mi, sijifichi. Mi napanda njia ya Likasi karibu kila juma, kilomita kama 120, kamio zinatupa vumbi, kisha kunakuya mutu na mwangaza mweupe wa kuelekea bulubulu, sioni mustari, sioni mutu wa kinga (baiskeli) mwenye kubeba makala, nashika usukani na naomba Mungu. Ukimupigia taa anafikiri unamusalimia. Zitoshwe. Sina ingine ya kusema.

Mama wa Ruashi, nauzisha ku njia
Mi sina gari. Lakini hizo taa zikikuya siwezi kujua gari iko karibu ao iko mbali, ninamushika mutoto mukono tunasimama tu mpaka ipite. Mbele haikuwa vile.

Fundi wa umeme ya gari, Kampemba
Dogo, nisikilize mpole, juu unachanganya nyuma na mbele na ni bintu bibili tofauti kabisa.

Nyuma sina ubishi. Ampule ya freni ya wati 21 inakawia karibu sekunde 0.2 mbele ya kuwaka muzuri, juu filama, kale kawaya ka ndani, inapashwa kupata moto kwanza, LED inawaka palepale, na mutu akikufuata na mwendo wa 100 ile sekunde 0.2 ni metre 5 na nusu zenye anazipata bure. Paka utie LED nyekundu nyuma ya kioo chekundu, na ya rangi ya chungwa fasi ya chungwa, ukitia nyeupe nyuma ya kioo chekundu itatoa kirangi cha sabuni ya mutoto. Na taa za kona zikianza kupepesa mbiombio usiseme wamekuuzia mbovu: rele ya zamani, kile kisanduku chenye kupepesesha taa, imezoea umeme ya wati 21, LED inakula kidogo sana, rele inafikiri ampule imeungua. Batu banaunga rezistansi ya omu 6, inasaidia, lakini inashika moto wa kuyeyusha plastiki, mi nimetosha waya zenye zilishikamana sawa ugali. Nunua rele ya LED, umalize.

Mbele sasa. Kile kisahani cha kungaa ndani ya fari kilitengenezwa kufuatana na fasi filama iko, milimita kwa milimita, na chini ya filama ya taa ya chini kuko kikombe kidogo cha chuma chenye kukata mwangaza usipande. LED iko na vijiwe vyake ku mbavu za kibao, mwangaza hautoki fasi ileile. Mara mingi unaona kweupe mbele ya bampa, unafurahi, kumbe kule mbali imepungua na ingine imepanda mu macho ya wenzako.

Na kuko kitu chenye batu mingi hapa Lubumbashi hawakifikirie. Japani banapita kushoto, kwa hiyo fari zao zinanyanyua mwangaza upande wa kushoto ili kuonyesha kando ya njia. Shiye tunapita kuume. Kushoto yetu njo kwenye wenzetu wanatokea! Hata na ampule ya chai gari yako ilikuwa inapiga batu macho, wewe umeongeza tu nguvu. Na taksi ya jirani yako pia, ile Toyota Noah ya Japani, ni vilevile.

Shofeli wa taksi, Katuba
Eh! Mi tena? Noah yangu haijaguswa toka ishuke ku Kasumbalesa.

Fundi, Kampemba
Njo maana. Haijaguswa.

Mutoto wa kartye ya Golf
Uingereza toka 2021 gari ya kuanzia Aprili 1986 yenye fari ya halojeni (ampule ya filama, sawa ile H4) ikitiwa LED inaanguka ku ukaguzi wa mwaka. Ujerumani 2020 ampule moja ya Osram ilipata ruhusa, lakini kwa gari zenye ziko ku liste tu. Ile Mazda ingeanguka.

Mwenye gari, Kamalondo
Hapa siyo Uingereza kaka, kule njia iko na taa.

Mutu wa Likasi
Mi naogopa kitu kingine. Mukimupa askari wa njia sababu mupya ya kunyanyua mukono, nani atajua ukweli? Atasimamisha kila taa nyeupe, hana chombo cha kupima, muta-arrangiana hapo ku bampa na LED itaendelea kuwaka. Mi siko na LED na siipendi, lakini hiyo sheria siitaki vilevile.

Fundi, Kampemba
Chombo ni ukuta, mukubwa. Simamisha gari metre 10, washa taa ya chini, mustari wa juu wa mwangaza upashwa kushuka kama santimetre 10 chini ya urefu wa fari, na upande wenye kupanda uwe kuume. Mutoto wa shule anaweza kuipima, na hauhitaji kumupa mutu kitu.

Dogo, mbele ya kununua kitu pima volti ku fari yenyewe, siyo ku batri. Volti ikishuka asilimia 10, halojeni inapoteza karibu asilimia 30 ya mwangaza. Hiyo chai yako ni waya ya miaka 30 na masi ya kutu, ile fasi waya inafungwa ku chuma ya gari. Na fari yako ni mviringo ya inchi 7, zenye zilitengenezwa kwa fasi banapita kuume zinapatikana, unabadirisha nzima.

Mwenye gari, Kamalondo
Nimerudi. Moteri inawaka, ku batri volti 14.1, ku fari ya kushoto 11.6. Nilinyamaza kwanza. Fundi mwingine akavuta waya nene mpya kutoka ku batri na rele mbili za fari, akakwangua masi, nikarudisha H4 za zamani, na sasa naona ukuta wa jirani mpaka matofali. Fari za kupita kuume nimeagiza. Nyuma LED inabaki, hapo siondoke.

Shofeli wa taksi, Katuba
Na zile za mbele uliuzisha ngapi?

Mwenye gari, Kamalondo
Ziko mu karton chini ya kitanda. Watu wawili wameniuliza bei. Nikiuzisha, nitakutana nazo mi mwenyewe mu njia ya Likasi.