Magemu ya Windows kwenye Mac ya M1: je, Boot Camp itafaa?

Mkazi wa Raskazone
Habari zenu wadau. Kaka yangu ameniachia MacBook Air ya M1 yenye RAM ya GB 8, na wadogo zangu hapa Tanga wamenikalia kooni wakitaka EA Sports FC (EA FC), gemu la soka, ilhali mimi mwenyewe natamani The Witcher 3. Yote mawili ni ya Windows. Kijana mmoja wa duka la kompyuta anasema atanigawia diski na kuniwekea Windows kwa Boot Camp, programu ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, mradi nitangulize nusu ya malipo. Je, nimpe?

Fundi wa Ngamiani
Ndugu yangu, usimpe. Boot Camp ni ya Mac zenye chipu za Intel peke yake. Apple ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe mwishoni mwa mwaka 2020, ikianza na hiyo M1, Boot Camp haikuendelea nazo.

Njia mojawapo iliyobaki ni CrossOver, programu iliyojengwa juu ya Wine, ambayo huendesha programu za Windows pasipo Windows yenyewe. Haileti Windows ndani ya Mac, bali hupokea yale ambayo gemu linaiomba Windows na kuyageuza yaeleweke na macOS, huku Rosetta 2, kitafsiri cha Apple, ikitafsiri maagizo yaliyoandikwa kwa chipu za Intel, na amri za picha za DirectX (mfumo wa picha wa Windows) zikigeuzwa kuwa za Metal (mfumo wa picha wa Apple). Mzigo wote huo unabebwa na RAM ile ile ambayo kwenye M1 hutumiwa kwa pamoja na kichakataji na grafiki, kwa hiyo GB 8 zitakubana. The Witcher 3 linachezeka, ila chagua toleo la DirectX 11, punguza vivuli, na funga kivinjari kabla hujaanza. CrossOver ni ya kulipia, lakini ina siku 14 za majaribio. Steam, duka la magemu la mtandaoni, nayo hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, iwapo jumla ya muda uliocheza haijafika saa mbili.

EA FC lisahau. Tangu FIFA 23 (jina la zamani la gemu hilo), kampuni ya EA huweka kinga dhidi ya udanganyifu inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows (kernel, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo), na CrossOver haina kiini hicho.

Msomaji wa Chuda
Ipo pia GeForce NOW, ambapo gemu huchezwa kwenye kompyuta za NVIDIA zilizo mbali nawe ukaletewa picha tu, na The Witcher 3 limo. Hata hivyo NVIDIA inataka kasi isiyopungua Mbps 15 kwa picha ya 720p, na kasi hiyo ikitumika yote ni zaidi ya GB 6 kwa saa moja. Kwa mtu wa bando hiyo ni hasara tupu; mwenye faiba nyumbani ndiye ajaribu. Wadogo zako watafutie PS4 ya mtumba, maana EA FC 25 lilitoka kwa PS4 pia.

Mkazi wa Raskazone
Nashukuru sana. Mac yangu ina GB 256 na zimekaribia kujaa. Naweza kuliweka gemu kwenye diski ya nje?

Fundi wa Ngamiani
Unaweza, ila iwe SSD, na uifomati kwa APFS (mpangilio wa mafaili wa Apple) kwanza. Halafu usikimbilie kila toleo jipya la macOS: Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba Rosetta itabaki kamili hadi macOS 27, na baada ya hapo itasalia sehemu yake tu kwa ajili ya magemu ya zamani.