Tupeane uzoefu: gazeti la nje lililokufumbua macho

Spea za Kirumba: Wakuu, heshima zenu. Nauza spea za injini za boti hapa Mwanza. Mteja asipokuja, nasoma. Naanza mimi.

Mwaka 2009 sakata la Kenya na Uganda kugombea kisiwa cha Migingo, Ziwa Victoria, lilipopamba moto nilikuwa nashikilia Daily Nation la Kenya tu. Kichwani mwangu Uganda imevamia, kwisha. Siku moja kwenye kafe ya intaneti nikafungua New Vision la Uganda, nikakuta hoja nyingine kabisa: maji. Rais Museveni alikuwa akisema kisiwa sawa, ni cha Kenya, ila maji wanayovua ni ya Uganda. Upimaji wa pamoja mwaka uleule ukaonyesha kisiwa kiko Kenya, mita 510 kutoka mpakani. Na jiwe lenyewe halifiki nusu ya uwanja wa mpira! Kumbe ugomvi ulikuwa sangara. Tangu hapo kesi ya watu wawili siisomi kwenye gazeti moja. Karibuni.

Mama Igombe: Kaka, miaka yote nauza mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, nikiamini yanakwenda kutengenezwa nyuzi za kushonea wagonjwa. Si ndivyo tulivyoambiwa wote? Binti yangu akanisomea kwenye simu habari ya gazeti la Hong Kong. Kumbe wenzetu wanapika supu! Wanakula harusini, wengine wanayafungasha kama zawadi. Nilicheka, halafu nikanuna. Mchuuzi wangu alipokuja safari iliyofuata nikamwambia bei ya jana imekufa.

Kijana Nyegezi: Kiingereza changu cha kuungaunga, nategemea simu initafsirie. Juzi ikaniandikia watu watano wamezama karibu na benki. Nikawaza mafuriko yameingia mjini, kumbe "bank" ya Kiingereza ni ukingo wa mto pia.

Mzee wa Minofu: Wanangu, 1999 Ulaya walipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria nilikuwa mezani nachambua minofu kiwandani. Tukarudishwa nyumbani. Mtaani neno lilikuwa moja: wazungu wanatuonea wivu. Padre mmoja alikuwa akiletewa magazeti ya Uingereza, yanafika yamechelewa wiki mbili, akimaliza ananipa. Humo ndimo nilimosoma kwamba hofu yao ni sumu, kuna wavuvi wanaoua samaki kwa dawa. Na sisi watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, tulikuwa tunalijua hilo, tumenyamaza. Nilikasirika mara mbili: kwa waliotufungia, na kwa jirani yangu mwenye mtumbwi ambaye usiku alikuwa anabeba kidumu kisicho cha petroli. Sikumsemesha mwezi mzima.

Spea za Kirumba: Mzee, shikamoo. Hiyo ya kidumu imenigusa. Nyegezi, umenivunja mbavu. Mama Igombe, hebu tutajie, bondo kilo sasa unauza ngapi?

Mama Igombe: Siisemi humu. Mchuuzi wangu naye anasoma.