Naomba ushauri: sabuni yangu ya nazi inapasuka na inakausha ngozi

Wakuu habari, na shikamoo kwa wanaostahili. Niko Tanga, Chumbageni. Natengeneza sabuni nyumbani kujifurahisha tu, siuzi. Kipimo changu ni mafuta ya nazi kilo 1, kostiki soda (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 183, maji gramu 350. Kostiki naimwaga kwenye maji, sio maji kwenye kostiki (hilo nilishakoma), ikipoa natia mafuta na kukoroga kwa mwiko hadi iwe nzito kama uji.

Povu lake si mchezo, hata kwa maji ya bahari linatoka. Ila nikiikata kesho yake, kisu kikigusa tu inapasuka kama kashata iliyozidi moto. Halafu inakausha mikono mpaka inapauka. Mama kaniambia bora nioshee masufuria. Na hapo nimeiacha wiki 5 nzima!

Nahisi kostiki inamaliza mafuta yote. Nikishusha hadi gramu 174 itasaidia, au nichanganye na alizeti? Nikichanganya, hesabu ya kostiki naipigaje? Na nyie mnakata baada ya saa ngapi? Ule unga mweupe unaotokea juu ya sabuni haunisumbui, naukwangua.