Wanamageuzi na wahafidhina wa Iran: mipaka yao iko wapi?

Swali
Ali Larijani alikuwa Spika wa Bunge la Iran kuanzia 2008 hadi 2020, na siku zote alihesabiwa miongoni mwa wahafidhina. Hata hivyo, Baraza la Walinzi wa Katiba, chombo kinachochuja wagombea, lilimzuia kugombea urais mwaka 2021 na tena 2024. Ikiwa wahafidhina ndio wenye nguvu, kwa nini wamfungie mlango mwenzao?

Jibu la kwanza
Wanamageuzi na wahafidhina si majina ya vyama. Chama cha Jamhuri ya Kiislamu, kilichowakusanya wafuasi wa Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya 1979, kilivunjwa mwaka 1987 kwa mifarakano yake chenyewe, na tangu hapo siasa za huko zimeendeshwa zaidi na makundi yanayoungana uchaguzi unapokaribia. Mrengo wa kushoto wa miaka ya 1980, ambao Waziri Mkuu Mir-Hossein Mousavi alikuwa mmoja wao, ulitaka serikali iushike uchumi, ilhali mrengo wa kulia ulikuwa karibu na wafanyabiashara wakubwa na ulitetea mali binafsi. Wengi wa mrengo huo wa kushoto ndio waliomuunga mkono Mohammad Khatami alipochaguliwa kuwa rais mwaka 1997 na kuitwa wanamageuzi. Anayewadhania kuwa wapinzani wa mapinduzi akumbuke kwamba baadhi yao walishiriki kuuteka ubalozi wa Marekani mwaka 1979.

Jibu la pili
Nikirudi kwa Larijani: wajumbe 6 kati ya 12 wa Baraza hilo huteuliwa moja kwa moja na Kiongozi Mkuu, mwenye mamlaka ya juu kabisa nchini, na wengine 6 huchaguliwa na Bunge kutokana na majina yanayopendekezwa na mkuu wa mahakama, ambaye naye ni mteule wa Kiongozi. Kwa maoni yangu, kinachopimwa hapo ni imani ya wenye mamlaka kwa mgombea kuliko mrengo wake. Mahmoud Ahmadinejad alikuwa rais kuanzia mwaka 2005 kama kipenzi cha wenye msimamo mkali, akazozana na Khamenei, Kiongozi Mkuu wa wakati huo, mwaka 2011 kuhusu waziri wa ujasusi, kisha akazuiwa kugombea mwaka 2017.

Jibu la tatu
Nakubali, ila tusiyadharau majina hayo kabisa. Hassan Rouhani, aliyelelewa kisiasa na mrengo wa kulia, alichaguliwa kuwa rais mwaka 2013 kwa msaada wa wanamageuzi, na serikali yake ikafikia makubaliano ya nyuklia ya 2015 na mataifa makubwa, ambayo Saeed Jalili, mhafidhina mwenye msimamo mkali, aliyapinga vikali. Jalili huyohuyo alishindwa na mwanamageuzi Masoud Pezeshkian katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa mwaka 2024, na tofauti zao kuhusu mazungumzo na nchi za Magharibi zilikuwa za kweli.