Nissan Leaf kama gari la pili Tabora mjini: betri, waya na LUKU

Mkazi_Cheyo
Wakuu, heshima kwenu. Nyumbani kuna Noah inayobeba safari za Nzega, Dodoma na Dar. Tunatafuta gari la pili la mizunguko ya mjini tu: shule, sokoni, Kitete, kurudi Cheyo. Kwa siku haizidi kilomita 40. Macho yako kwenye Leaf, gari la umeme tupu, za Japani za 2013 hadi 2015, betri ya kWh 24. Meta yetu iko D1, daraja la bei nafuu la TANESCO kwa wanaotumia umeme kidogo. Je, betri iliyotumika itatosha? Inachajiwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani? Na uniti zitaendaje?

Betri_Ipuli
Mkuu, kilomita 40 inamaliza na chaji inabaki. Betri hiyo ikiwa mpya inatoa kama kWh 21 za kutumia. Afya ikishuka hadi asilimia 70, zinabaki karibu 15. Mjini kila kWh inakupa kilomita 6 hivi, kwa hiyo ni kama 90 mpaka izime kabisa. Wewe panga kwa 70, usiikamue. Sikonge utafika, kurudi hutoweza bila kuchaji. Urambo iachie Noah.

Kabla ya kulipa, omba picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Kulia kabisa, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vijiti vidogo 12. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri, si chaji iliyomo. Cha kwanza hupotea afya ikifika kama asilimia 85, kisha kila kimoja ni asilimia 6 na kidogo. Vikiwa 9 nunua kwa bei ya chini, vikiwa 8 achana nalo. Na gari la 2013 lililotembea sana huku vijiti vyote 12 vinawaka, litilie shaka sana: kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa ili vijae, na baada ya muda mfupi vinaanza kuzimika kimoja kimoja.

Likifika, chomeka kifaa cha OBD2 (cha kusoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth, fungua programu ya Leaf Spy kwenye simu. Utaona jozi 96 za seli. Zipime chaji ikiwa karibu asilimia 20, maana chaji ikiwa nyingi seli mbovu hujificha. Jozi moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya milivolti 100, hiyo ndiyo itakayokuzimia gari barabarani wakati kipimo bado kinasema chaji ipo.

Jambo kubwa kwa Tabora ni joto. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza. Septemba na Oktoba usiliache juani likiwa limejaa asilimia 100. Kwa matumizi yako, kati ya 30 na 80 inatosha kabisa. Ukitoka safari ya jua kali, liache lipoe, chaji usiku.

Fundi_Isevya
Naongezea upande wa umeme, kwa sababu hapo ndipo nyumba zinaungua. Soketi ya kawaida yenye plagi ya miguu mitatu haikutengenezwa kubeba ampea 13 saa saba mfululizo. Mguu ulio upande wa fyuzi unaanza kupata moto, plastiki inageuka kahawia, kisha inayeyuka. Kama ni lazima uitumie kwa muda, weka chaja kwenye ampea 8 au 10 na ishike plagi baada ya nusu saa. Ukishindwa kuiweka mkono, zima.

Kinachotakiwa ni laini yake peke yake kutoka DB (boksi la breka): waya wa milimita 4, breka ya ampea 16, RCD (breka inayokata umeme ukivuja) ya milliampea 30, na mwisho soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Usiunganishe na laini ya pampu wala friji. Ethi, yaani waya wa ardhini, ndiyo mafundi wengi wanairuka. Chaja hupima ethi kwanza. Isipoiona inawasha taa nyekundu na gari halichaji. Usikubali fundi aunge ethi na nyutro ndani ya soketi ili "kuidanganya" chaja. Nyutro ikikatika nje, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme. Piga ethi rodi ya maana, na kiangazi mwagia maji pale ilipo, ardhi yetu hukauka sana.

Waya unaokuja na gari ni wa volti 200 za Japani. Usikate plagi yake. Tafuta chaja ya volti 230 yenye kichwa cha Type 1, ndicho kinachoingia kwenye tundu la Leaf hizi. Tundu la pili, CHAdeMO, la kuchaji haraka, lisikuongezee bei, mjini hapa huna pa kulitumia.

Kwa ampea 10, ukianza saa sita usiku hadi saa moja asubuhi unaingiza kama uniti 16 kutoka kwenye meta. Saa hizo volti zimetulia; jioni zikishuka sana chaja hukatakata. Radi zikianza, chomoa.

Mama_Kanyenye
Hesabu ya LUKU: kilomita 100 zinakula kama uniti 20 ukihesabu na zinazopotea kwenye kuchaji. Kilomita 40 kwa siku 26 ni uniti 208. D1 ni uniti 75 kwa mwezi, gari peke yake litazimaliza kwa siku 9 hivi, kwa hiyo utahamia T1, daraja la kawaida. Huko uniti ni kama shilingi 356 na kodi zake, dhidi ya 122 ya D1. Gari ni kama 74,000. Lakini hata uniti za taa na friji nazo zinapanda: kama mnatumia 70, ongeza 16,000. Jumla kama 90,000. IST kwa mwendo huohuo inakunywa lita 87 hivi. Zidisha kwa bei ya EWURA ya Jumatano ya kwanza.

Mkazi_Cheyo
Asanteni sana. Je, likigoma kuwaka?

Betri_Ipuli
Anza na betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, neno READY haliji na hata kuchaji halichaji, japo betri kubwa imejaa. Ipime kila miezi sita. Likivutwa, lipandishwe juu ya gari la kubebea. Magurudumu ya mbele yasizunguke barabarani, yameungana na mota. Na nyaya za rangi ya chungwa asiziguse fundi asiyejua kutoa plagi ya usalama kwanza na kusubiri dakika 10.